Injini ya Mzee na ubishi wa kaka

Nilipotea kidogo. Wikiendi nilikuwa nyumbani, tulikuwa tunabadilisha injini ya pikapu ya Mzee. Ni Hilux ya zamani, inateremsha kabichi toka Nyandira kule Mgeta, na ndiyo inayonilipia ada. Ilikuwa na 2L, lita 2.4. Ilichemsha kwenye vilima vile mpaka silinda hedi ikapasuka, na oili ilikuwa inakunywa kama haina akili nzuri.

Kaka akataka tufunge 1KZ-TE, eti ina turbo, itapaa. Nilimbishia na bado nambishia! Pampu yake inaamrishwa na kompyuta. Ikizingua huko juu saa mbili usiku, nyuma kumejaa kabichi, nani atakutengenezea? Tukachukua 3L ya mtumba, lita 2.8. Ni ukoo mmoja na 2L: giaboksi ileile, maunti zilezile, na pampu ya kawaida ambayo fundi wa kijijini anaijua. Tulitumia winchi chini ya mwembe, siku mbili kazi kwisha. Radieta tuliizibua kwanza, maana kufunga injini nzima kwenye radieta iliyoziba ni kuiua upya.

Tulichosahau ni kadi! Namba ya injini imeandikwa pale pamoja na ya chasisi, sasa hazifanani. Mzee anasema TRA tutaenda baadaye. Baadaye lini jamani, na trafiki wamejaa barabara ya Iringa? Jumatatu nina saikolojia ya elimu, nitaitoroka. Risiti ya injini ninayo mimi.