Nyumba ya Kariakoo na Warithi Wake

Vijana wenye familia hutuuliza: je, yafaa kununua nyumba Kariakoo, penye makelele ya soko? Makelele huzoeleka, tunaloliogopa ni jingine. Nyumba nyingi za huko, zile zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku na ua nyuma, ni za mirathi. Kaka mkubwa huja na hati mkononi akapokea fedha; kisha hutokea dada zake, ambao fungu lao limetajwa katika Suratun Nisaa. Basi mnunuzi na aulize: msimamizi wa mirathi amethibitishwa na mahakama? Warithi wote wameridhia? Na ikiwa ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 yataka ridhaa ya mke. Tena apige hodi uani kwa wapangaji. Wao huwajua wenye nyumba kuliko dalali.