Mwenye Divai Alikula Nini?

Hivi karibuni tulikaa watu 8 mjini Katesh, chini ya Mlima Hanang, tukafungua chupa moja ya divai nyekundu ya Ufaransa. Aliileta kijana wetu aliyekuwa masomoni Montpellier. Yatoka nchi ya Languedoc, kusini, na karatasi yake ilionyesha mavuno ya mwaka 2008.

Wapo watakaosema kwamba sisi hatuna kazi ila kunywa vya Wazungu. Chupa moja kwa watu 8 haileweshi mtu. Ukingoni mwa glasi wekundu ulikuwa umefifia ukawa rangi ya tofali. Harufu yake ilikuwa ya ngozi, tumbaku na matunda makavu, na chini ya chupa palituama mashapo. Divai changa ya namna hii hukwaruza ulimi kama chai iliyochemka mno. Hii ilipita laini, na ladha ikakaa mdomoni kitambo. Twasema kweli, ilikuwa nzuri.

Pamoja nasi alikuwapo mzee mmoja wa Kidatoga, aijuaye vema pombe ya asali ya shughuli za heshima. Alisikia umri wa divai, akaizungusha glasi, kisha akauliza: "Miaka yote hiyo imelala, mwenyewe alikula nini?"

Basi kijana akatueleza habari za huko. Mwaka 1907 wakulima wa Languedoc walikuwa hoi. Bei ilikuwa imeanguka, na walaghai walikuwa wakiuza divai ya uongo ya sukari na maji. Wakulima walijaa Montpellier kwa mamia ya maelfu. Narbonne askari waliwapiga risasi, watu wakafa. Mwaka ule ule serikali ikatunga sheria dhidi ya udanganyifu huo. Lakini tangu 1901 wakulima wadogo wa kijiji cha Maraussan walikuwa wamekwisha kuungana ili wauze divai yao pamoja, na baadaye wakajenga ghala lao wenyewe. Vyama vya namna hiyo vikaenea kusini yote. Mwenye ghala na chama cha kumkopesha aweza kungoja. Asiye navyo huuza leo.

Na sisi je? Mbulu twalima vitunguu saumu, Hanang mahindi, maharage na mbaazi. Mavuno yakitoka, deni la dukani limefika, mahitaji ya shule yamefika, na dalali naye amefika na gunia lake la lumbesa. Mkulima huuza bei ikiwa chini kabisa, na baada ya miezi michache hununua mahindi yale yale kwa bei ya kuumiza. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi ziingiazo kwake, bei ilianguka, na wasioweza kungoja wakauza kwa bei ya kutupa. Dodoma ni taabu zaidi. Huko huvuna zabibu mara 2 kwa mwaka, neema ambayo Languedoc hawana, lakini zabibu haingoji: mnunuzi asipopatikana, huoza.

Sheria ya stakabadhi za ghala tunayo tangu mwaka 2005. Mkulima huweka mazao ghalani, hupewa stakabadhi, nayo yaweza kuwa dhamana ya mkopo. Hata hivyo wengi waliogopa ghala kuliko dalali, na wana sababu. Fedha zimechelewa, makato yamezidi, na wako viongozi wa ushirika waliokula fedha za wanachama hata jina lenyewe likanuka. Kumhubiria mtu angoje bila kumpa malipo ya kwanza ni kumcheka. Malipo hayo yatolewe siku ile ile aletapo gunia, mizani iwe mbele ya watu, na hesabu zisomwe mkutanoni, kwa Kiiraqw na Kidatoga pia palipo na wazee.

Mzee alimaliza divai yake, akamwaga mashapo chini. Akatuambia mahindi yake, magunia 6, yangali nyumbani, na dalali amekwisha kupita mara mbili.