Tusiizike Dainamo Kabla ya Kuipima

Nina neno na mafundi wetu wa Tarasaa na Garsen, nao najua hawatanichukia, maana baadhi yao ni wajomba zangu. Neno lenyewe ni hili: tuache kuihukumu dainamo kwa macho.

Liko lori moja la kubeba maembe, Bedford kuukuu la kijeshi, la zile zilizoundwa Uingereza miaka ya 1950 na 1960. Katika msimu mmoja tu mwenyewe alinunua betri mbili. Ya kwanza ilikuwa haijai chaji. Fundi akafungua kijisanduku cha rigyuleta, akakaza springi kwa kukisia, sindano ya amita ikaruka, watu wakashangilia. Haukupita muda betri ya pili ikawa yachemka kama birika la chai, maji yote yamekauka. Hukumu ikatolewa: "Dainamo imekufa, tia olterneta." Imekufa! Nani aliyeipima?

Hebu tukumbuke somo la Fizikia la sumaku na umeme. Injini ikienda mbio, dainamo hupandisha volti. Isipozuiwa itaunguza taa na kuchemsha betri. Ndani ya rigyuleta mna koili inayogeuka sumaku. Volti zikizidi, sumaku huvuta ulimi wa chuma, ncha zinazogusana zinaachana, na mkondo unaolisha uga wa dainamo unapungua. Volti zikishuka, springi huurudisha ulimi. Mchezo huo hurudiwa mara nyingi kwa sekunde moja. Kwa hiyo ukikaza springi umeongeza volti, ukilegeza umepunguza. Pembeni yake mna katauti, ambayo kwa gari la volti 12 hufunga njia ya chaji karibu na volti 13, na kuikata injini ikipoa mwendo. Bila hiyo umeme wa betri ungerudi kwenye dainamo na kuiunguza.

Sasa kupima. Anza na mkanda, halafu vichwa vya betri na waya unaoshika mwili wa gari. Kutu peke yake huweza kukudanganya. Kisha ondoa nyaya mbili za dainamo, unganisha vichwa vyake viwili kwa kipande cha waya, weka voltimita kati yake na mwili wa gari, na upandishe injini taratibu, usiipige mbio. Volti zikipanda sawasawa, dainamo i hai na mgonjwa ni mwingine. Hapo ndipo uiguse rigyuleta, kwa kitabu cha gari, na umalize upesi, kama nusu dakika hivi, kwa sababu koili ikipata moto kipimo kinahama.

Na hili la moto ndilo ninalolishikilia zaidi. Vitabu vya Lucas, waliotengeneza rigyuleta nyingi za magari ya Kiingereza, hutoa volti tofauti kwa kila kiwango cha joto: kukiwa na joto zaidi, volti ziwe chini. Jua la Tana si la London, jamani. Anayerekebisha kwa kipimo cha baridi anaipika betri bila kujua.

Watasema olterneta ni bora. Kweli, hata injini ikienda pole hutoa chaji ya kutosha. Lori likitambaa majini usiku, kama wakati wa mafuriko ya El Nino ya 1997, taa zote zawaka na dainamo haitoi cha maana. Betri ndiyo inayolipa. Hilo sibishi. Lakini olterneta ni pesa, na mwenye lori anayeuza maembe hana pesa ya kununua kitu ambacho hakikuharibika. Tena miaka ya 1990 magari ya kwenda Lamu kutoka Garsen yalisindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi. Msafara haumngoji mtu ambaye gari lake limekataa kuwaka alfajiri.

Voltimita iko maabara, imelala kabatini hadi mtihani. Namwomba mwalimu wa Fizikia atuazime Jumamosi moja tuipeleke kwa mafundi, na sisi wa chama tuandike hatua zile kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, ibandikwe ukutani pa gereji. Lori lenyewe lingali pale chini ya mwembe, boneti wazi, na dainamo yake bado haijang'olewa.