Kwa mizunguko ya Butimba, kirikuu inamtosha mtu

Saa kumi na mbili asubuhi, barabara inayotoka Buhongwa kupitia Nyegezi na Butimba kwenda mjini huwa imeshashikwa na kirikuu. Moja imebeba matenga ya nyanya, nyingine makochi mapya yaliyofungwa kamba, ya tatu haina kitu nyuma ila mbele wamekaa dereva na mkewe, wanawahi kazini. Hiyo ya tatu ndiyo ya kuzungumzwa. Wengi wamezoea kuiona kirikuu, yaani Suzuki Carry na ndugu zake, kama chombo cha kukodi: ukihama nyumba unapiga simu, inakuja, inabeba, inaondoka. Wachache wanaifikiria kuwa gari la mtu la kila siku, na kwa mji kama Mwanza wachache hao wamepiga hesabu vizuri kuliko majirani zao.

Mtu wa Butimba anayetafuta pikapu ya mkononi, tuseme mwalimu ambaye mkewe ana duka la vifaa vya ujenzi Mkolani, hutaja Hilux kabla hajaulizwa. Haishangazi. Hilux imekuwepo tangu 1968, inavumilia vumbi na mashimo, na kila anayeiendesha huonekana ametoka kwenye mradi au halmashauri. Heshima hiyo nayo ina bei yake, na sehemu ya bei hiyo imetokana na jambo ambalo madalali hawalitaji. Toyota iliacha kuuza Hilux kwa Wajapani wenyewe mwaka 2004, ikairudisha 2017. Kwa hiyo ile meli kubwa ya magari ya mtumba inayotuletea IST, Passo na Noah kutoka Japani haikuwa na Hilux za miaka hiyo. Nyingi za toleo la Vigo zinazozunguka nchini zilinunuliwa zikiwa mpya na Serikali, mashirika na miradi, zikatumika maporini miaka kadhaa, kisha zikapigwa mnada. Nyingine zimetoka Thailand, Uingereza au Ghuba. Soko lina gari chache na wanunuzi wengi, ndiyo maana Hilux iliyochoka bado inauzwa kwa bei ya gari zima.

Kirikuu haina shida hiyo, kwa sababu Japani imejaa. Ni gari la daraja ambalo Wajapani waliliwekea mipaka kwa sheria: injini isizidi sentimita za ujazo 660, kipimo kilichopo tangu 1990, na tangu mwishoni mwa 1998 urefu usizidi mita 3.4 na upana mita 1.48. Wakulima na wauza duka wao ndio wanunuzi wake wakubwa. Suzuki imekuwa ikitengeneza Carry tangu 1961, na pembeni yake wapo Daihatsu Hijet, Mitsubishi Minicab, Honda Acty na Subaru Sambar. Usukani uko kulia kama wetu. Marekani, ambako sheria hairuhusu gari la namna hii kuingia kirahisi mpaka litimize miaka 25, wapo wakulima wanaosubiri zitimize umri huo ndipo waziagize. Kenya hukataa gari lenye zaidi ya miaka 8 na Uganda lenye zaidi ya 15. Tanzania haina ukomo wa umri, ila TRA hutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu, na VAT ya asilimia 18 iko palepale. Anayetaka kuagiza aingie kwanza kwenye kikokotoo cha TRA, aweke mwaka na toleo, aone kodi, ndipo aanze kupendezwa na picha.

Udogo wa gari hili unadanganya macho. Bodi yake ina urefu wa takriban mita 1.9 na upana wa mita 1.4, na kuta zake zinafunguka pande tatu. Bodi ya Hilux ya milango minne, gari lenye urefu wa zaidi ya mita 5, ni kama mita moja na nusu tu. Godoro linalolala vizuri kwenye kirikuu hutokeza nje kwenye Hilux. Na kwenye vichochoro vya Mwanza, zile barabara za mawe zinazopanda kati ya nyumba na majabali, gari la upana wa mita 1.48 hupishana na bajaji bila mtu kurudi nyuma.

Kisha mafuta. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Mwanza hulipa zaidi ya Dar es Salaam kwa sababu ya safari ya kutoka bandarini. Tufanye lita ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe rahisi. Mwalimu wetu akizunguka kilomita 40 kwa siku, Butimba, mjini, Kirumba na kurudi, kwa siku 26, anamaliza kilomita 1,040 kwa mwezi. Kirikuu yenye afya ikimpa kilomita 14 kwa lita, atatumia kama shilingi 223,000. Hilux ya petroli ikimpa kilomita 9 kwa lita, ni kama 347,000. Tofauti ya mwaka inakaribia milioni moja na nusu, na hapo hakuna aliyenunua tairi. Hilux ya dizeli hupunguza pengo hilo, lakini siku nozeli zikifa akiba yote hubaki kwa fundi.

Kuna jambo jingine ambalo watu wamelisahau. Bajeti ya 2017/18 ilifuta ada ya kila mwaka ya leseni ya gari, ile iliyokuwa ikiwatoa watu jasho kila trafiki aliponyoosha mkono, na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Tangu hapo ada hiyo hulipwa kwenye pampu. Anayechoma lita 74 kwa mwezi anaichangia kidogo kuliko anayechoma 116, hata kama magari yao yanalala uani usiku uleule.

Sasa ubaya wake, maana upo. Sheria ya Japani inaipa kirikuu kilo 350. Hiyo ni mifuko saba ya saruji. Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi uhesabu mifuko inayopakiwa, utaacha kuhesabu ikishapita ishirini. Wenye magari huongeza majani ya springi, nyuma inainuka, gari linaonekana lina nguvu, na kila mtu anaridhika. Breki hazikuongezwa. Tairi bado ni zile za inchi 12, bearingi ni zilezile, na injini ya 660 inapanda mlima ikilia. Kwenye mwinuko inaenda kwa gia ya kwanza. Kwenye mteremko ndiko kwenye hatari. Tena haina boneti: miguu ya dereva iko nyuma kidogo tu ya bampa. Mwenye kuitumia kama gari la familia akumbuke pia kwamba viti ni viwili. Kuwapakia watoto bodini asubuhi kuwapeleka shule ni jambo linaloonekana kila siku na halifai hata kidogo.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kwa kirikuu ya mkononi ni ilibeba nini. Wanaotafuta magari yaliyokwisha kusajiliwa hapa huanza na herufi ya namba, kama ni C, D au E, wakiamini namba mpya ndiyo gari jipya. Herufi husema gari liliandikishwa lini Tanzania, haisemi liliishije. Kirikuu ya namba D iliyokuwa ya duka la dawa inaweza kuwa nzima kuliko ya namba E iliyoshinda mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki.

Mwaloni ndiko kwa kuogopa. Samaki wa Ziwa Victoria ni wa maji baridi, lakini kayabo, yaani sangara wa chumvi anayesafirishwa mpaka Kongo, hudondosha maji ya chumvi, na barafu ya samaki wabichi huyeyuka njia nzima. Maji hayo hupita kwenye maungio ya bodi na kutua juu ya chasisi. Dalali atasema, "Bosi wangu, hii haijawahi kubeba samaki hata siku moja." Mnunuzi asibishane naye. Ainue mpira uliotandikwa bodini, anuse, kisha alale chini nyuma ya kabini agonge chasisi kwa bisibisi pale springi zinaposhikiliwa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kopo lenye mchanga, na rangi mpya nyeusi iliyopakwa hapo tu, kwingine kote kukiwa na vumbi, imekwisha kujibu swali.

Injini iko chini ya viti. Gari likaguliwe likiwa la baridi: kiti kifunguliwe, kiinuliwe, na macho yaende kwenye kifuniko cha juu kama kinavuja oili. Rejeta iko mbele na injini iko katikati, kwa hiyo mabomba ya maji ni marefu na hupita chini ya sakafu, mahali pa kugongwa na mawe. Bomba likiwa na kiraka, kichwa cha injini huenda kilishachemka. Carry za miaka ya 1990 zenye injini ya F6A hutumia mkanda wa taimingi, na mkanda uliopitwa na muda hukatika na kumwacha mtu njiani. Zile za miaka ya 2000 zenye K6A hutumia cheni, na kwa mtu anayenunua gari la kuendea kazini hiyo pekee ni sababu ya kuongeza fedha kidogo. Four wheel ni nzuri kwa anayeishi mlimani mvua ikinyesha. Kwa aliye kando ya lami ni vyuma vya ziada vya kutunza. Mwisho, namba ya chasisi ilinganishwe na kadi, na umiliki ubadilishwe TRA kabla dalali hajabadilisha laini.

Yupo mtu ambaye haya yote hayamhusu. Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 lilifunguliwa kati ya Kigongo na Busisi, na foleni ya kivuko ikabaki hadithi. Mfanyabiashara wa Butimba anaweza kwenda Sengerema, au hata Geita iliyo zaidi ya kilomita 100 kutoka Mwanza, akarudi siku hiyohiyo. Kwa safari hizo kirikuu ni mateso: injini inazunguka kwa kasi safari nzima, na basi likikupita upepo wake unakusogeza. Huyo atafute Toyota Townace ya lori iliyoanza 2008, injini yake ni ya lita 1.5 na inabeba karibu kilo 800, au Nissan Vanette, ambayo ni Mazda Bongo yenye nembo nyingine. Zote mbili zinakula mafuta zaidi, lakini saruji mifuko kumi na tano kwenye Townace ni mzigo halali.

Na anayefikiria kufidia gharama kwa kubeba mizigo ya watu siku za Jumamosi ajue kwamba hapo anaingia biashara nyingine. Gari binafsi lina kibao cha njano, la biashara lina cheupe, na kubeba mzigo kwa malipo kunahitaji leseni ya LATRA pamoja na bima ya biashara. Ajali ikitokea akiwa na namba ya njano na makochi ya mteja nyuma, kampuni ya bima itaanza kwa kuuliza makochi yale ni ya nani.