Unene wa kupindukia si maradhi ya matajiri tena

KWA miaka mingi, kitambi kilihesabiwa miongoni mwa dalili za ufanisi humu nchini. Mwanamume aliyenenepa baada ya kupata kazi mjini alisifiwa kijijini kuwa maisha yamemkubali, naye mke aliyenawiri baada ya kuolewa alikuwa ushahidi kwamba mumewe anamtunza vyema.

Kukonda, kwa upande mwingine, kulizua minong'ono. Katika miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Ukimwi ulipokuwa ukiangamiza maelfu ya Wakenya kabla ya dawa za kupunguza makali yake kuenea, mtu aliyepungua uzani alishukiwa kuwa mgonjwa hata kama alikuwa buheri wa afya.

Fikira hizo hazijatoweka. Hata hivyo, takwimu za serikali yenyewe zinaonyesha kuwa unene ambao tuliuona kuwa neema umegeuka tishio kwa afya ya umma, na kwamba wanaoathirika si mabwanyenye pekee.

Utafiti wa kitaifa kuhusu Idadi ya Watu na Afya (KDHS) wa mwaka wa 2008-09 ulibaini kwamba asilimia 25 ya wanawake wa kati ya umri wa miaka 15 na 49 walikuwa na uzani uliozidi kiwango kinachofaa. Kufikia mwaka wa 2014, kiwango hicho kilikuwa kimepanda hadi asilimia 33.

Utafiti kama huo wa mwaka wa 2022, uliowaangazia watu wa umri wa miaka 20 hadi 49, ulipata kwamba asilimia 45 ya wanawake na asilimia 19 ya wanaume walikuwa na uzani uliozidi au unene wa kupindukia. Ingawa makundi hayo ya umri hayalingani kikamilifu, mkondo wa mambo ni bayana.

Wataalamu hupima hali hii kwa kugawanya uzani wa mtu kwa kilo na kipeo cha pili cha kimo chake kwa mita. Anayepata 25 au zaidi huhesabiwa kuwa na uzani uliozidi, na anayefikisha 30 ana unene wa kupindukia. Kwa mfano, mwanamke wa kimo cha mita 1.6 huvuka mpaka wa kwanza anapofikisha kilo 64 na wa pili anapokaribia kilo 77.

Ni kweli kwamba tatizo hili limekita mizizi zaidi mijini. Katika utafiti wa 2014, asilimia 43 ya wanawake wa mijini walikuwa na uzani uliozidi, ikilinganishwa na asilimia 26 ya wenzao wa mashambani. Kutokana na takwimu kama hizi, wengi wameharakisha kuhitimisha kwamba wanaonenepa ni wale wenye fedha za kuponda raha.

Hitimisho hilo halisimami ukifika katika mitaa ya mabanda. Utafiti uliofanywa Korogocho na Viwandani jijini Nairobi, na kuchapishwa mwaka wa 2015, ulipata kwamba asilimia 46 ya watoto wa chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa kwa lishe duni, ilhali asilimia 32 ya mama zao walikuwa na uzani uliozidi.

Katika nyumba nyingi, mtoto aliyedumaa na mama aliyenenepa walikuwa wakiishi chini ya paa moja na kula kutoka kwa sufuria moja. Msomaji atajiuliza, yawezekanaje?

Jibu ni kwamba chakula cha bei nafuu katika mitaa hiyo ni wanga, mafuta na sukari. Vyakula hivyo hushibisha na kuupa mwili nguvu nyingi, lakini vina upungufu wa protini, vitamini na madini. Mtoto anayehitaji virutubisho hivyo ili akue hudumaa, naye mtu mzima aliyekwisha kukua huihifadhi nguvu ya ziada mwilini kama mafuta. Hivyo, njaa na unene si mahasimu bali ni matunda ya umaskini ule ule.

Mtu akinenepa katika jamii yetu, lawama ya kwanza huwa ni uvivu na ulafi. Huambiwa kuwa mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Lakini je, ni kweli kwamba Wakenya wamejidunga mwiba huu wenyewe?

Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu vichocheo vya maradhi yasiyoambukiza, maarufu kama STEPS, unatoa taswira tofauti. Ni asilimia 6.5 tu ya watu wazima waliokuwa hawafikishi kiwango cha chini cha kuushughulisha mwili kinachopendekezwa. Wakenya wengi walikuwa wakitembea, kulima, kubeba mizigo na kufanya kazi za sulubu.

Katika utafiti huo huo, asilimia 94 ya waliohojiwa hawakuwa wakila kiasi cha matunda na mboga kinachopendekezwa kwa siku. Aidha, asilimia 38.5 ya wanawake walikuwa na uzani uliozidi, dhidi ya asilimia 17.5 ya wanaume, ilhali ni wanawake wanaoteka maji, kufua na kuamka alfajiri kwenda sokoni. Iwapo uvivu ndio chanzo kikuu, takwimu hizi hazielezeki. Kinachofaa kuchunguzwa kwanza ni kilichomo sahanini.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa kibarua anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Kiamshakinywa chake ni chai iliyokolea sukari na mandazi mawili. Adhuhuri atakula chapati na maharagwe akibahatika, au vibanzi akiwa na haraka. Jioni atarejea nyumbani amechoka, na kando ya barabara atakutana na wauzaji wa soseji, viazi karai na vibanzi kabla ya kufika kwa mama mboga.

Chaguo hilo lina hesabu yake. Mafuta ya kupikia, mengi yakiwa ya mawese yanayoagizwa kutoka Malaysia na Indonesia, huuzwa kwa kupimwa, hivyo hata mwenye sarafu chache hupata ya kumtosha. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ikilinganishwa na kalori 4 katika gramu moja ya wanga. Kwa asiye na fedha za kutosha, kilichokaangwa ndicho kinachoshibisha kwa bei ndogo.

Kuna pia suala la kawi, ambalo halizungumzwi sana. Githeri na maharagwe huhitaji saa kadhaa jikoni. Anayenunua makaa kwa mkebe au gesi kwa kujinyima hufikiria mara mbili kabla ya kuinjika chungu cha maharagwe, hasa anapoweza kununua chakula kilichokwisha kupikwa hapo nje. Kumshauri mtu kama huyu arejelee vyakula vya mababu bila kumwonyesha atakavyovipika ni sawa na kumpigia mbuzi gitaa.

Sukari nayo imepenya kila pembe. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari, yaani vijiko saba au vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mtu hupata kwa siku, yaani takriban gramu 50 kwa mtu mzima. Chupa mbili tu humvusha mpaka huo.

Haya hayamaanishi kwamba mazoezi hayana faida. Yana faida kubwa kwa moyo, mifupa na akili, na mazoea ya kutembea yameanza kufifia. Mwaka wa 2008, serikali iliondoa ushuru wa thamani ya ziada kwa pikipiki ndogo zilizoagizwa kutoka nje, na biashara ya bodaboda ikashamiri hadi vijijini. Hatua hiyo iliwapa vijana wengi riziki, lakini pia ilifuta kilomita nyingi ambazo watu walikuwa wakitembea kila siku bila kujua kuwa wanafanya mazoezi.

Shuleni, kipindi cha mazoezi ya viungo mara nyingi hutwaliwa na masomo yanayotahiniwa. Mitaani, viwanja vya watoto kuchezea vimenyakuliwa na kujengwa nyumba za kukodisha. Mzazi anayeogopa magari na wahalifu humfungia mtoto nyumbani mbele ya runinga, na hawezi kulaumiwa kwa hilo.

Gharama ya haya yote tayari inaonekana hospitalini. Kulingana na Wizara ya Afya, maradhi yasiyoambukiza husababisha asilimia 39 ya vifo nchini, na zaidi ya nusu ya wanaolazwa hospitalini huugua maradhi hayo. Si yote yanayotokana na unene, lakini kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo na baadhi ya saratani huchochewa nao.

La kutamausha zaidi ni kwamba wengi hawajui wanaugua. Utafiti wa 2015 ulionyesha kwamba takriban asilimia 88 ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa kiwango cha sukari katika damu. Hugundua figo zikiwa zimeshaharibika, na hapo familia huuza shamba au kuitisha mchango ili mgonjwa asafishwe damu.

Je, lipi la kufanywa?

Kwanza, serikali inafaa kutumia ushuru kwa busara. Sheria ya ushuru wa bidhaa ya mwaka wa 2015 iliweka kiwango kinachotozwa soda kwa kila lita, bila kujali gramu za sukari zilizomo. Mtengenezaji hana sababu ya kupunguza sukari iwapo atalipa kiasi kile kile.

Afrika Kusini ilichukua mkondo tofauti mnamo Aprili 2018. Huko, ushuru hutozwa kwa kila gramu ya sukari inayozidi gramu 4 katika mililita 100 za kinywaji. Tafiti zilizofuata zilionyesha kuwa ununuzi wa vinywaji hivyo ulipungua, na kampuni zikapunguza sukari zinayotia.

Wapo watakaosema kuwa ushuru kama huo utamwumiza maskini. Hoja hiyo ina uzito, hasa wakati huu ambapo wananchi wamechoshwa na kodi. Kwa sababu hiyo, fedha zinazopatikana hazifai kumezwa na matumizi ya kawaida ya serikali. Zinafaa kurejeshwa kwa maskini yule yule kupitia vyakula vya shuleni, masoko safi ya mboga mitaani na jiko lenye gharama nafuu.

Pili, mnunuzi ana haki ya kujua anachonunua. Chile ilianza mwaka wa 2016 kuweka alama nyeusi mbele ya pakiti za vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi, na ikapiga marufuku uuzaji wake shuleni. Maandishi madogo nyuma ya pakiti, yanayosomeka kwa miwani, hayamsaidii mama aliye na mtoto mgongoni na foleni nyuma yake.

Tatu, shule ndizo mahali pa kuanzia. Mpango wa Dishi na County jijini Nairobi, ulioanza mwaka wa 2023 na ambapo mwanafunzi hulipa Sh5 kwa mlo, umeonyesha kuwa inawezekana kupikia maelfu ya watoto chakula moto kwa pamoja. Jiko kubwa kama hilo huondoa mzigo wa kawi uliotajwa awali. Kaunti nyingine zinaweza kuiga, na mboga za kienyeji kama vile managu, kunde na mchicha zikawapa wakulima soko la uhakika.

Nne, barabara zijengwe kwa kumjali anayetembea. Sera ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka wa 2015 ilidhamiria kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa watembeao kwa miguu na waendeshao baiskeli. Yeyote anayeruka mitaro na kukwepa magari kila asubuhi anajua jinsi ahadi hiyo ilivyo mbali na utekelezaji.

Tano, wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 ambao serikali iliwapa vifaa mwaka wa 2023, vikiwemo mizani na mashine za kupima shinikizo na sukari, watumiwe ipasavyo. Wao hufika nyumbani kwa mwananchi kabla hajaugua. Lakini hawawezi kufanya kazi hiyo kwa moyo wakicheleweshewa marupurupu au wakikosa vifaa vya kupimia sukari.

Mwananchi naye ana wajibu wake. Kupunguza sukari katika chai, kuchemsha badala ya kukaanga na kumpa mtoto maji badala ya soda ni hatua zisizohitaji fedha za ziada. Tuache pia mazoea ya kumsifu mtoto mnene kuwa ndiye mwenye afya, na ya kumfanyia stihizai mtu mzima mnene kana kwamba dharau ni dawa.

Kuna wanaoamini kuwa tabia ya ulaji haiwezi kubadilishwa na sera. Wakumbuke unyonyeshaji. Mwaka wa 2008-09, ni asilimia 32 ya watoto wa chini ya miezi sita walionyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Kliniki zilitoa mafunzo, na mwaka wa 2012 sheria ikadhibiti matangazo ya maziwa ya kopo. Kufikia 2014, kiwango kilikuwa asilimia 61.

Akina mama hawakuwa wavivu mwaka wa 2008 wala hawakuwa na bidii ya ghafla mwaka wa 2014. Mazingira yaliyowazunguka ndiyo yaliyobadilika, na jambo lililo bora likawa rahisi kutenda.

Hivyo ndivyo unene wa kupindukia unavyofaa kukabiliwa. Madhali chakula kinachodhuru ndicho cha bei ya chini, kilicho karibu na kinachotangazwa zaidi, mahubiri ya kujinyima hayatafua dafu. Wabunge na serikali za kaunti wanaoidhinisha ushuru, kupanga masoko na kutenga viwanja ndio wenye ufunguo, na bajeti ijayo ndiyo itakayoonyesha iwapo wameuona uzito wa suala hili.