Tuhesabu watoto wetu sisi wenyewe

Ndugu wachimbaji, baba na mama, watu wa uchunguzi wanakuya kwetu na karatasi za maulizo. Watoto wangapi wanaenda ku masomo? Wangapi wako ku shimo? Tunajibu. Kisha wanaenda na majibu yetu, na sisi hatuone kitu.

Uchunguzi si mubaya. Lakini ule unaofanywa bila wenyeji haujengi hata kalasi moja. Tangu 2018, sheria ya mine inalazimisha sosiete inayochimba kutosha kila mwaka 0,3 % ya mauzo yake, hapana chini, kwa maendeleo ya wenyeji. Tangu 2019, masomo ya musingi ya serikali ni bure. Sasa kwa nini mutoto anaosha mawe saa ya kalasi? Masomo ni mbali? Mwalimu hayuko? Nyumbani chakula hakuna?

Kila kartye iandike jibu lake, nyumba kwa nyumba, pamoja na walimu na bamama. Sisi wa sendika tutaleta kaye. Tuisome mbele ya wote, kisha tuipeleke pale makuta yanapogawanywa. Tukienda mikono mitupu, wengine ndio watatuhesabia.