Mweka Hazina Amesema Nini?



Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uandishi wa habari alituonyesha zoezi lake, limejaa wino mwekundu. Aliandika juu ya mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, aliyedaiwa kutoroka na fedha. Maswali ya msingi aliyajibu yote: nani, nini, lini, wapi, kwa nini, na kwa namna gani. Jambo zito aliliweka katika aya ya kwanza, ili mhariri akipunguza mwishoni kiini kisipotee. Hata hivyo alipewa sifuri. Pembeni mwalimu aliandika: “Mweka hazina mwenyewe amesema nini?”

Kijana aliona ameonewa, maana aliandika “anadaiwa”. Sisi twamuunga mkono mwalimu. Neno hilo halimtakasi mwandishi asiyemtafuta mtuhumiwa. Msomaji hulipita, akamwona mwizi tu. Mtakatifu Fransisko wa Sale, ambaye Papa Pius XI alimtangaza msimamizi wa waandishi mwaka 1923, alibishana kwa kalamu na watu wasiokubali kumsikiliza, lakini hakuwavunjia heshima.

Kijana alirudi kijijini. Alimkuta mweka hazina nyumbani, vitabu vya hesabu mezani. Upungufu ulikuwapo, ila ulikuwa mkopo wa mwenyekiti ambao haukuandikwa.

Nasi habari ile ya kutoroka tulikwisha kuisikia nje ya kanisa baada ya Misa. Tuliisadiki, wala hatukuuliza hata swali moja.